Ofisi ya uchumi haigawi ajira za kiwandani

Kuna ile meseji haiishi kwenye magrupu ya Arusha na Moshi, eti kiwanda kinakuja, ofisi ya uchumi ya halmashauri inaandikisha majina, tuma elfu 10 ya fomu kabla nafasi hazijajaa. Jamani, sio kweli. Hizo ofisi haziajiri watu wa kiwandani, kazi yao ni kumvuta mwekezaji, yaani kutenga eneo na kulipima, kufuatilia umeme, maji na barabara, kumuelekeza kwenye vibali, halafu kiwanda kikishasimama chenyewe ndo kinatangaza nafasi na kufanya usaili.

Watu wanachanganya kwa sababu halmashauri hiyohiyo inatoa ile mikopo ya asilimia 10, yaani asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na huko kweli majina yanaandikwa, ila ule ni mkopo, hauna riba lakini unarudishwa.

Angalia hela inakoenda: malipo ya serikali yana kontroo namba, sio namba ya simu ya mtu. Au pita kwa mtendaji wa kata uulize, ni bure. Inauma sana mama muuza ndizi pale Mbuyuni kutoa mtaji wake kwa fomu hewa, kwa hiyo kama hujahakiki usiifowadi, na ikishaingia kwenye grupu mwambie admini aifute.