Ziwa lililofunikwa na barafu halijalala

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Nilikuwa nimemaliza kueleza kazi yangu ya kupima fosforasi kwenye mashapo, yaani tope la sakafuni, ya maziwa ya Aktiki, mtu akanyoosha mkono, akasema kwa uhakika kabisa: "Lakini hayo maziwa ni kama friji. Kila kitu kimeganda, hakuna kinachooza, ndiyo maana maji yake hayana virutubisho." Nusu ya ukumbi ikaitikia kwa kichwa. Maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wahandisi, hata kwa mwenzangu wa fani ya udongo ambaye alipaswa kujua. Leo nayaandikia mara moja, ili siku nyingine nimpe mtu kiungo asome mwenyewe.

Tuanze na hiyo friji. Friji ya kawaida hukaa kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na ukisahau kitu humo wiki tatu unajua kinachotokea. Bakteria wa baridi hufanya kazi polepole, lakini hufanya. Sasa nenda chini ya ziwa. Maji matamu huwa mazito zaidi yakikaribia nyuzi 4, kwa hiyo wakati wa baridi yale ya nyuzi sifuri hukaa juu, chini ya barafu, na yale yenye joto kidogo hutuama chini. Ziwa Toolik, kaskazini mwa Alaska, lina kina cha mita 25 hivi. Kiangazi jua haliikaribii sakafu yake, na maji ya juu yaliyopata joto huelea bila kuchanganyika na ya chini. Tope la kilindini hukaa katika baridi inayokaribia kuwa ileile Julai na Februari. Huyo anayesema kuoza husimama ziwa linapoganda, anieleze tope la mita 20 limejuaje kwamba juu kumeganda.

Kinachobadilika ni mwanga na hewa. Barafu yenye unene wa zaidi ya mita moja, na theluji juu yake, hufunga mlango kwa miezi minane hadi tisa. Usanisinuru unafifia, oksijeni mpya haiingii, na kila kilichozama kiangazi kinaendelea kuliwa. Bakteria wanapokula, amonia inatoka. Bakteria wengine wanaigeuza kuwa nitrati. Mahali oksijeni ilipokwisha, wengine wanaichukua nitrati hiyo na kuitoa kama gesi ya naitrojeni. Kaboni dioksidi inajikusanya, na kwenye maziwa mengine methani pia. Tena barafu inapojijenga huzikataa chumvi, ikazisukuma kwenye maji yaliyobaki. Ukipima mwishoni mwa majira ya baridi, kabla ya kuyeyuka, mara nyingi utakuta naitrojeni isiyo ya kikaboni (hiyo amonia na nitrati) ni nyingi kuliko utakayoikuta Agosti. Ziwa lililolala lingeitoa wapi?

Nakubali jambo moja: vidimbwi. Kwenye uwanda wa pwani karibu na Utqiaġvik, Alaska, kuna madimbwi ya tundra yenye kina kifupi kiasi kwamba barafu hufika sakafuni na tope lenyewe huganda. Hapo neno "kulala" lina haki yake. Lakini watu huchukua picha ya dimbwi wakaivalisha ziwa la mita 25.

Na kama baridi ndiyo inayofanya maji yawe maskini, basi nifafanulie Meretta. Karibu na Resolute Bay, kwenye kisiwa cha Cornwallis, Kanada, kuna maziwa mawili jirani, karibu nyuzi 75 kaskazini. Moja ni Char, lililochunguzwa kwa kina mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maji yake ni safi mno na halijoto yake mara chache huvuka nyuzi 4 hata kiangazi. La pili ni Meretta, ambalo tangu mwaka 1949 lilikuwa likipokea majitaka kutoka makazi ya watumishi wa kituo kilichokuwa hapo. Baridi ileile, jua lilelile, urefu uleule wa usiku. Meretta liliota mwani kwa wingi usioonekana Char, na majira ya baridi maji yake ya chini yakaishiwa oksijeni, wakati ya Char yalibaki nayo. Tofauti ilikuwa bomba. Jaribio hilo hakuna aliyelipanga, na huwa nalitaja kwanza kwa sababu halihitaji hesabu yoyote kulielewa.

Basi umaskini huo wa virutubisho unatoka wapi? Sababu ya kwanza ni nchi kavu: sehemu ya juu ya udongo inayoyeyuka kila kiangazi ni nyembamba, na mimea ya tundra inashika karibu kila kinachopatikana. Hilo linajulikana, nalipita. Sababu ya pili wengi hawaifikirii. Sehemu kubwa ya maji ya mwaka mzima hufika kwa mkupuo, theluji inapoyeyuka, na maji hayo huja na virutubisho. Lakini ziwa bado limefunikwa. Maji ya theluji ni ya nyuzi sifuri, mepesi kuliko yaliyomo, kwa hiyo yanapita kama tabaka jembamba chini tu ya barafu, kutoka kwenye mdomo wa mto hadi kwenye lango la kutokea, bila kuonana na maji ya kilindi. Zawadi kubwa ya mwaka inapita sebuleni na kutoka kwa mlango wa nyuma. Anayepima mto na kuandika kwamba fosforasi yote iliyopita hapo "imeingia ziwani" amekosea hesabu yake mwanzo kabisa.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ni tope, na hapa naomba subira, kwa sababu hapa ndipo hata wanaojua wanaponiudhi.

Tope la Toolik na la maziwa mengi jirani yake lina chuma na manganizi kwa wingi. Palipo na oksijeni, chuma huwa kutu, na kutu hushika fosfati, yaani fosforasi katika umbo ambalo mimea huinyonya, kwa nguvu. Fosfati inayotoka kwenye mabaki yanayooza ndani ya tope hupanda taratibu kuelekea maji, inakutana na tabaka hilo la kutu lenye unene wa milimita au sentimita chache, inanaswa. Oksijeni ikiisha, kutu inayeyuka, na fosfati inaachiwa. Mtafiti wa maziwa Mortimer alieleza haya mwaka 1941 na 1942 kwa maziwa ya Uingereza, na tangu hapo kila mwanafunzi huchorewa mchoro: oksijeni ipo, mlango umefungwa, haipo, umefunguka.

Mchoro huo ni mzuri mno, na hapo ndipo unapodanganya. Uswisi walipuliza oksijeni kwenye maziwa Sempach na Baldegg kwa zaidi ya miaka kumi ili mlango ufungwe. Oksijeni iliongezeka, lakini tope halikuanza kubakiza fosforasi zaidi. Mlango una bawaba nyingine. Kuna swali la chuma kilichopo ukilinganisha na fosforasi inayoshuka. Kuna salfati: ikiwa nyingi, bakteria wa pasipo oksijeni huigeuza kuwa salfaidi, nayo inakinyakua chuma na kukigeuza madini meusi yasiyoshika fosfati, na chuma hakirudi kuwa kutu kwa urahisi. Maziwa ya bara ya Aktiki yana salfati kidogo, ndiyo maana chuma chake huendelea kuzunguka na kunasa. Ziwa linalopigwa na chumvi ya bahari ni habari nyingine. Nikiona mtu ameandika "ukosefu wa oksijeni hutoa fosforasi" bila kutaja chuma wala salfa, huwa namrudishia rasimu.

Nguvu ya tope hilo ilijaribiwa waziwazi. Karibu na Toolik, ziwa dogo liitwalo N2 liligawanywa kwa pazia mwaka 1985. Upande mmoja ukatiwa naitrojeni na fosforasi kila kiangazi kwa miaka sita, takribani mara tano ya kinachoingia kiasili, upande wa pili ukaachwa. Mwani uliongezeka upande uliorutubishwa. Lakini tope lilikuwa likimeza fosforasi mwaka baada ya mwaka, na likaja kuanza kuirudisha majini mwishoni mwa jaribio. Ungesimamisha kazi baada ya miaka miwili ungeandika kwamba tope la Aktiki halirudishi kitu. Ungekuwa umepima sehemu ya kwanza tu ya hadithi, na makala yako ingepita kwa wahakiki bila taabu. Ni miradi mingapi inayodumu zaidi ya miaka miwili? Swali hilo linaninyima usingizi kuliko chuma chote.

Kuna na kipimo chenyewe. "Fosfati 1 mikrogramu kwa lita," mtu anasoma, anahitimisha hakuna kitu. Kwanza, rangi ya buluu ya molibdeti, kemikali tunayopimia, haihesabu fosfati peke yake. Asidi tunayotia huvunja na viambata vingine, na mtafiti Rigler alikwisha kuonyesha miaka ya 1960 kwamba namba hutoka kubwa kuliko ukweli. Pili, namba hiyo ni ya kilichobaki mezani. Ukitia fosforasi yenye mnururisho kwenye maji ya ziwa maskini wakati wa kiangazi, unaweza kuiona ikitoweka majini kwa dakika chache, imeingia kwenye bakteria na mwani, ikatoka, ikaingia tena. Akiba ni ndogo kwa sababu mzunguko ni wa kasi. Kuita maji hayo "yaliyokufa" ni kusema soko halina biashara kwa kuwa meza ni tupu jioni.

Tena chupa ya maji hayo ya kupimwa imechotwa katikati ya ziwa, juu. Kwenye Char karibu asilimia 80 ya uzalishaji ulitokea sakafuni, kwa mimea na mwani unaokaa juu ya tope, ambapo mwanga unafika kwa sababu maji ni angavu. Mwani huo hunyonya kinachopanda kutoka chini kabla hakijawa namba kwenye chupa ya mtu yeyote.

Sasa ile dhana ya udongo ulioganda daima: "Ukiyeyuka, maziwa yote yatakuwa kijani." Kwenye nyanda zilizo mashariki ya delta ya mto Mackenzie, kaskazini-magharibi mwa Kanada, maziwa yaliyoporomokewa na kingo zilizoyeyuka yalionekana kuwa angavu zaidi kuliko majirani zao, yenye chumvi nyingi na kaboni kidogo itokanayo na mabaki ya viumbe. Udongo wa madini ulioingia uliikamata kaboni hiyo ukazama nayo. Mwanga ukafika chini, mimea ya sakafuni ikashamiri. Kwingine, udongo wa aina nyingine unaweza kuleta kinyume chake. Inategemea kilichoganda humo ni mboji au mfinyanzi, na nini kinakisubiri chini: tope lenye chuma au lisilo nacho.

Kuhusu vipimo vyangu mwenyewe niseme wazi. Nikikokotoa fosfati inayopanda kutoka kwenye tope kwa kufuata mteremko wa ukolezi, yaani jinsi inavyopungua kuelekea juu katika maji yaliyo kati ya chembe za tope, napata jibu moja. Nikikaa na nguzo ya tope kwenye bomba, gizani, kwa halijoto ya ziwa, nikapima maji ya juu yake siku baada ya siku, napata jingine. Hayalingani, na si mara moja wala mbili. Nashuku zaidi lile la kwanza, kwa sababu mteremko mkali uko kwenye milimita za juu ambazo vifaa vyetu vinazivuruga vinapozama, na hesabu hiyo haiwaoni viluwiluwi wa wadudu wanaochimba tope na kusukuma maji humo. Lakini nguzo iliyo kwenye bomba nayo imeng'olewa nyumbani kwake. Kwa hiyo siku hizi natoa majibu yote mawili kwenye jedwali moja, na mhakiki akiniomba nichague, namwandikia kwamba nguzo za Aprili, zilizotolewa kupitia tundu la barafu, zilikuwa zikitoa amonia siku zote nilizozipima.