Kuinua Forester SG5: milimita 30 zinatosha

Subaru Forester ya SG5, ile iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, hutoka kiwandani ikiwa na takriban milimita 200 kati ya tumbo na ardhi. Ukitaka ipite kwenye matuta na mitaro bila kukwaruza, ninachoshauri ni spesa (vipande vya kuongeza kimo) za milimita 30 juu ya shokapu zote nne, tairi kubwa kidogo, kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Kuna mafundi wanaofunga spesa za milimita 50 kwa nusu siku na kukukabidhi ufunguo. Gari linapendeza, lakini baada ya miezi kadhaa kava za sivii (viungo vya ekseli vinavyozungusha magurudumu) zimepasuka na tairi za mbele zimelika upande mmoja.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha gari lako halijashuka. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, na uandike. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Ukikuta nyuma iko chini sana kuliko mbele, huenda SG5 yako ina shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe. Utazitambua kwa mwili mnene kuliko shokapu ya kawaida. Ndani yake kuna pampu ndogo inayofanya kazi kadiri gari linavyotikisika barabarani, na ikifa, gari linakaa kitako. Hapa watu wengi hupoteza hela: wananunua shokapu za kawaida na kurudisha springi zilezile. Springi za mfumo huo ni laini kwa makusudi, kwa kuwa shokapu ndiyo iliyobeba sehemu ya uzito. Badilisha shokapu pamoja na springi, zote za Forester isiyo na mfumo huo, na uangalie kama mauntingi za juu (vishikio vya shokapu kwenye bodi) zinaingiliana. Mara nyingi kazi hiyo peke yake hurudisha kimo kilichokuwa kinatafutwa, na habari ya spesa inaishia hapo.

Zile raba zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi sizipendi. Zinazuia mzunguko mmoja usifanye kazi, hivyo mzigo unahamia kwenye mizunguko iliyobaki, na springi ya umri huu inaweza kukatika. Spesa ya aluminiamu au ya plastiki ngumu inakaa juu ya mauntingi, chini ya bodi, na haigusi springi kabisa. Epuka za mbao. Zinanyonya maji, zinasinyaa, nati zinalegea.

Kwa kufunga, unahitaji jeki, stendi imara, spana namba 12, 14 na 19, nyundo, waya na mafuta ya kulegeza kutu. Inua upande wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Ukiinua gurudumu moja tu, stabilaiza, fito inayounganisha magurudumu ya pande mbili, italivuta lile lingine na utapigana na chuma bure. Fungua linki za stabilaiza, kisha klipu ya hosi ya breki na waya wa ABS kwenye mwili wa shokapu.

Shokapu ya mbele imeshikwa kwenye nako, chuma kinachobeba habu, kwa bolti mbili za namba 19. Ile ya juu si ya mviringo kamili: ina uvimbe unaorekebisha mlalo wa gurudumu. Ichore alama kwa rangi kabla ya kuilegeza. Ukishaitoa, funga nako kwa waya isiangukie nje, kwa sababu ikianguka inaivuta sivii ya ndani kutoka kwenye kikombe chake na utajikuta na kazi ya siku nyingine. Juu, ndani ya boneti, kuna nati tatu za namba 12. Hizo tu. Nati kubwa ya katikati usiiguse hata kidogo, ndiyo inayoshikilia springi iliyobanwa, na ikifunguka bila kibanio inaua mtu.

Spesa inafungwa kwenye mauntingi, kisha bolti zake zenyewe zinapita kwenye bodi. Angalia bolti hizo ziwe za daraja 8.8 au zaidi. Nati za juu zinahitaji Nm 20 tu (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani mkono wa wastani. Nimeona bolti nyingi zimekatwa na fundi aliyetegemea nguvu za mabega. Nyuma utaratibu ni uleule, ila utatoa plastiki ya pembeni kwenye sehemu ya mizigo ili uzifikie nati.

Kuna jambo moja dogo ambalo gereji nyingi hulipuuza. Kama umelegeza bolti yoyote inayopita kwenye bushi ya raba (ile pete laini ya kwenye kiungo), mfano mikono ya nyuma, usiikaze gari likiwa linaning'inia. Rudisha gurudumu chini, gari likae kwenye uzito wake, ndipo ukaze. Bushi iliyokazwa ikiwa imening'inia inakaa imejipinda muda wote na huchanika mapema. Gari hizi ni za zamani, na nchini Kenya sheria ya kutoingiza magari yenye zaidi ya miaka 8 imeshazifungia mlango wa kuingia, kwa hiyo bushi nyingi unazozikuta zimechoka tayari. Zibadilishe hapohapo ukiwa umefungua.

Sababu ya kukomea milimita 30 ni hii. Kadiri bodi inavyopanda, sivii zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Gari likitetemeka unapokanyaga mafuta, tazama sivii ya ndani. Likigonga ta-ta-ta unapokata kona, ni ya nje. Nyuma, mkono unaoenda kwa urefu wa gari unalivuta gurudumu mbele kadiri linavyoshuka. Kwa milimita 30 hutaona tofauti kubwa. Kwa 50 tairi inasogelea ukingo wa mbele wa tao la fenda, na hapo lazima uweke spesa za mkono huo pia. Hosi za breki nazo: gurudumu likiwa limening'inia, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, uone kama hosi inavutika.

Tairi sasa. Wengi wanaamini spesa inawapa nafasi ya tairi kubwa. Inakupa nafasi kwenye fenda tu. Umbali kutoka habu hadi kwenye sahani inayobeba springi haubadiliki, na sahani hiyo ipo juu kabisa ya tairi. Kwa rimu ya inchi 16, kutoka 215/60R16 nenda 215/65R16. Kipenyo kinatoka milimita 664 hadi 686, gari linapanda milimita 10 na ushei. Spidomita itapungukiwa asilimia 3 hivi: ikisema 100 unakwenda 103. Safari ya kilomita 480 itasomeka kama 465, kwa hiyo usianze kulalamika kwamba gari limeanza kula mafuta kabla hujafanya hesabu hiyo.

Ukiazima rimu za Toyota zenye matundu 5x100 (matundu matano kwenye duara la milimita 100), kuwa makini. Tundu la katikati la Toyota ni milimita 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1, kwa hiyo rimu haikai mpaka ichongwe kwenye lethi. Nati za Toyota ni M12x1.5, za Subaru M12x1.25, yaani uzi wake haulingani. Zinaanza kuingia vizuri kabisa, halafu zinaharibu uzi.

Tairi zote nne ziwe saizi moja, aina moja, na uchakavu unaokaribiana. Tofauti ya mzingo ivuke milimita 6 na mfumo wa kuendesha magurudumu manne unaanza kuteseka. Dalili yake ni gari kujivuta na kurukaruka unapokata kona kali polepole kwenye lami kavu. Spea ya saizi ya zamani nayo inahesabika. Kama gari ni otomatiki na chini ya boneti kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD (kuendesha kwa magurudumu ya mbele pekee), weka fyuzi hapo, funga spea nyuma, na uendeshe taratibu hadi kwa fundi wa pancha.

Alaimenti ifanyike baada ya siku chache za kutembea, springi zikishatulia. Dai karatasi ya vipimo. Mbele, mwelekeo wa magurudumu kwa ndani na nje uwe karibu na sifuri, na mlalo wa kushoto na kulia usipishane zaidi ya nusu digrii. Ukipishana zaidi, ile bolti yenye uvimbe ndiyo ya kuzungusha. Siku hiyohiyo shusha taa za mbele, na pitia tena nati zote ulizofungua.