Jewson: mbao, mto na ukoo mmoja wa Uingereza

Wageni wanaokuja kwenye hifadhi yetu ya nyaraka za biashara huwa wanauliza, mbona kampuni nyingi za mbao za Uingereza zina majina ya koo? Jibu fupi ni mtaji na kuaminiana. Wacha nichukue ukoo wa Jewson, maana habari yao inaonyesha vizuri.

Mwaka 1836 George Jewson alinunua biashara pale Earith, kijiji ambacho enzi hizo kilikuwa mkoa wa Huntingdonshire. Ukiangalia ramani unaelewa fasta kwa nini pale, mto Great Ouse unapita hapohapo, na mbao ni mzigo mzito, ukisema ubebe kwa mkokoteni wa farasi nauli inakula faida yote, kwa hiyo boti ndo lilikuwa lori la wakati ule, mzigo unashuka bandari ya King's Lynn halafu unapanda na mto mpaka bara.

Baadaye reli zikaingia na mambo yakabadilika. 1868 John Wilson Jewson akaipeleka biashara Norwich, mji wenye watu, viwanda na ujenzi, na bandari ya Great Yarmouth iko karibu. Mimi naona timing ilikuwa safi sana: tangu vita vya Napoleon serikali ilikuwa inazibana kwa ushuru mbao za nchi za bahari ya Baltiki ili watu wanunue za Kanada, wakalegeza sana 1842, na ushuru wa mwisho ukafutwa 1866.

Sasa hizo mbao zilikuwa zinauzwaje? Kipimo kikubwa kiliitwa standadi ya Petersburg: mbao 120, kila moja urefu futi 12, upana inchi 11, unene inchi moja na nusu, jumla futi za ujazo 165. Karani wa mbao alikuwa anapiga hiyo hesabu kichwani, na mwishoni mwa kila ubao kuna alama ya kiwanda cha kule Sweden au Urusi, anaangalia tu anajua daraja la ubora. Hata fundi wetu anayeagiza mbili kwa nne leo anatumia inchi za haohao Waingereza, ingawa wao wenyewe waliingia metriki miaka ya 1970.

Kitu kingine ni mali kauli. Mjenzi anachukua mbao leo, analipa akilipwa na mwenye nyumba, kwa hiyo muuzaji lazima ajue nani mkweli na nani ni wa longolongo, na hapo ukoo uliokaa mji mmoja miaka mingi unamshinda mgeni mwenye hela.

Pesa hizo zilizaa pia siasa, na za pande tofauti kabisa! Dorothy Jewson, binti wa ukoo huu, alichunguza umaskini wa Norwich, akapigania kura za wanawake, na 1923 akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza wa chama cha Labour kuingia bungeni. Percy Jewson yeye alikuwa wa chama cha Liberal National, Waliberali waliojitenga, mbunge wa Great Yarmouth 1941 hadi 1945.

Kampuni ikaja kuwa chini ya Meyer, kampuni nyingine ya mbao, ambayo nayo ilianzishwa na mtu mmoja, Montague Meyer, mwaka 1906. 2000 Saint-Gobain ya Ufaransa ikainunua Meyer, na 2023 Jewson ikahamia kwa Stark ya Denmark.