Kabla ya Kuilaumu Prosesa

Chukua mashine ya mtumba ya steshenari pale Tabora mjini: kompyuta mpakato yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Kuchapa barua, kujaza fomu ya ajira mtandaoni, kupiga hesabu za Excel, yote hayo prosesa hiyo inayamudu bila jasho. Kinachoichelewesha mashine kwa kawaida ni kitu kingine.

Ikikwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, kisha tazama CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski). Mara nyingi Disk ndiyo iko 100% na CPU inasubiri. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachohamahama kuokota vipande vya faili, kila safari milisekunde 10 na ushee, hivyo kwa sekunde inahudumia maombi kama 100 tu. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya bei ndogo, inahudumia maelfu. Ya inchi 2.5 yenye GB 256 inakaa palepale ilipotoka ya zamani. Faili zako zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje. Fundi anayesema si lazima, mkatalie.

Memory ikizidi 85% huku kivinjari kimefungua kurasa kumi, ongeza RAM. Mashine kama hiyo inataka RAM ya aina ya DDR3L ya volti 1.35. DDR3 ya volti 1.5 inaingia kwenye tundu vizuri tu, lakini kompyuta inaweza isiwake. DDR4 haiingii, usiilazimishe.

CPU ikishikilia 100%, sikiliza feni. Vumbi la kiangazi likiziba njia ya hewa, prosesa inayokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi isiungue. Puliza vumbi huku umeizuia feni isizunguke, na upake upya juu ya prosesa pesti ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwake, kiasi cha punje ya mchele.

Anayehariri video za harusi, huyo prosesa mpya itamfaa. Windows 11 ni suala jingine: kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kizazi cha 4 kimefungiwa mlango ingawa nguvu bado kinazo. Kinaweza kuwekewa Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows. Huko programu ya ofisi ya LibreOffice hufungua faili za Word, ila majedwali huweza kuhama, kwa hiyo ijaribu Linux kwanza kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta Windows.