Sauti Ipo, Picha Hakuna: Tuzijue Programu za Kuchezea Video na Muziki

Msimu wa harusi ukipita, hapa Chake Chake malalamiko huwa ni yale yale: flashi imechomekwa kwenye kompyuta, sauti ya ngoma inasikika, kioo cheusi. Mwenye harusi keshaamua kuwa mpiga picha kamtapeli. Mara nyingi video ni nzima. Kinachokosekana ni kodeki, yaani kipande cha programu kinachobana na kufumua video au sauti.

Faili la MP4 au MKV ni pakacha tu, ukiliona kwa nje hujui kilichomo. Ndani mna picha na sauti, kila moja imebanwa kwa njia yake, maana video isiyobanwa ingeijaza flashi kwa dakika chache. Programu ya kuchezea huvitenganisha, kisha kila kimoja hukifumua kwa kodeki yake. Simu na kamera nyingi za siku hizi hurekodi kwa H.265, kodeki ya video inayopunguza faili hadi karibu nusu ya lile la H.264, kodeki iliyoitangulia. Kompyuta isiyo na kodeki hiyo itatoa sauti peke yake. Kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 hakusaidii kitu.

Katika programu za kuchezea, mimi hupendekeza VLC. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa. Ni ya bure, haina matangazo, na kodeki nyingi inazo yenyewe. Ipakue kwenye tovuti ya VideoLAN, watengenezaji wake, si kwengineko. Tovuti ikikwambia upakue kodeki kwanza ndipo utazame, ifunge. Na faili linaloishia .mp4.exe si video hata kidogo, ni programu, na huenda ni kirusi. Tatizo ni kwamba Windows kwa kawaida huificha hiyo .exe, ukaona .mp4 ukaridhika.

Kazi za VLC si kutazama filamu tu. Mwalimu wa madrasa anayefundisha kasida anaweza kupunguza mwendo kwa kitufe cha [ wanafunzi wakafuatisha beti, na sauti isigeuke nzito. Sauti ikitangulia midomo, bonyeza K, ikichelewa, J. Kila mbonyezo husogeza milisekunde 50.

Kama video inakwamakwama, huenda kompyuta imezidiwa na H.265. Ndani ya VLC bonyeza Ctrl na R, uigeuze video kuwa H.264. Ila faili la asili usilifute, kwani kila ukigeuza ubora hupungua.