Likizo kwa anayehisi kuumizwa na mawimbi ya simu na waifai: maswali na majibu

Je, hali hii ipo kweli?

Mateso yapo. Kichwa kinauma, usingizi unakatika, ngozi inawasha, moyo unaenda mbio. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba dalili hizi ni za kweli na zinaweza kumlemaza mtu, ila hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na mawimbi ya sumakuumeme. Katika majaribio, watu wenye hali hii waliwekwa karibu na vifaa bila wao wala watafiti kujua ni lini vimewashwa. Mapitio ya mwaka 2010 yalikusanya majaribio 46 yenye watu 1,175, na hayakupata ushahidi thabiti kwamba mawimbi ndiyo yaliyowaumiza. Wengi waliugua hata kifaa kilipokuwa kimezimwa. Hawakuwa wakisingizia. Mwili unaotarajia madhara unaweza kuumia kwelikweli.

Basi kuna haja gani ya kutafuta mahali patulivu?

Kwa sababu mtu aliyechoka anahitaji kupumzika, na mahali anapopaogopa hatapumzika. Mimi siioni haja ya kumlazimisha mgonjwa alale pembeni ya ruta, kifaa kinachorusha waifai, ili tu kumthibitishia jambo.

Kuna mahali pasipo na mawimbi kabisa?

Hapana. Jua na radi navyo hutoa mawimbi, na setilaiti ziko juu yetu. Mahali panapotajwa sana ni Green Bank, katika jimbo la West Virginia, Marekani. Pamo ndani ya eneo la utulivu wa redio, yaani eneo lenye masharti ya kubana mawimbi ya redio, lililowekwa mwaka 1958, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 34,000 hivi. Baadhi ya watu wenye hali hii wamehamia huko. Lakini eneo hilo liliwekwa kulinda darubini za redio, zinazonasa mawimbi dhaifu kutoka anga za mbali, si afya za watu, na masharti hayabani sawasawa kila sehemu. Usifunge safari ndefu ukidhani utakuta ukimya kamili. Nyumba ya mashambani iliyo mbali na majirani inaweza kukutosha.

Nimuulize nini mwenye nyumba kabla ya kulipa?

Muulize ruta iko chumba gani, na kama unaruhusiwa kuichomoa usiku. Jibu la "waifai ni dhaifu" halitoshi. Kuna simu ya mezani isiyo na waya? Kitanda kimeegemea ukuta wenye mita ya umeme? Jirani wa karibu yuko umbali gani? Umbali una maana kubwa: mahali pa wazi, ukiuongeza mara mbili, nguvu ya mawimbi hushuka hadi robo hivi. Eleza hitaji lako kwa utulivu, bila kulionea aibu. Mwenyeji mwema atakujibu.

Jambo moja watu hulisahau. Pale mtandao unaposhika kwa shida, simu yako huongeza nguvu ili kuufikia mnara. Ukiibeba mfukoni ikiwa imewashwa, unatembea na chanzo kilicho karibu nawe kuliko mnara wowote. Izime, au iweke katika hali ya ndegeni.

Na dharura ikitokea?

Hapa sina simile. Usiende mahali ambapo huwezi kuita msaada. Hakikisha ipo simu ya waya, au mtu wa karibu mwenye simu. Jua kituo cha afya kilipo, na beba dawa zako za siku zote pamoja na akiba.

Vidani na stika za kujikinga je?

Hifadhi fedha yako. Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi ya usalama wa nyuklia ilionya kuhusu bidhaa 10 za aina hiyo, vikiwemo vidani, zilizokutwa zikitoa mionzi yenye madhara.

Nianze na safari au na daktari?

Daktari. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kukatika pumzi usingizini na sonona huleta dalili zilezile, na vyote vina matibabu. Uliza pia kuhusu tiba ya mazungumzo inayosaidia kubadili mawazo na mazoea. Baadhi ya wagonjwa wamepata nafuu nayo. Ukiwa likizoni andika kila siku ulivyolala, ulivyokula, ulivyotembea na ulivyojisikia. Ukirudi, mpelekee daktari daftari hilo.