Jua halina vitamini D

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii redioni: "Jua la asubuhi lina vitamini D nyingi." Halina. Jua halina vitamini yoyote, kama vile moto usivyokuwa na ugali.

Maana yenyewe ni fupi. Vitamini D huusaidia mwili kufyonza kalsiamu ya chakulani. Mtoto akiikosa, mifupa hulainika na miguu hupinda matege. Nyingi hutengenezwa na ngozi: mionzi ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno aina ya B, huibadili kemikali moja ya jamii ya kolesteroli, kisha ini na figo humalizia kazi. Chakulani imo kidogo tu, kwenye samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Kwenye mchicha usiitafute.

Kinachotupotosha ni jina. Mwaka 1912 Casimir Funk, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi London, aliunga "vita", yaani uhai kwa Kilatini, na "amini", kundi la kemikali. (Halihusiani na kuamini, ingawa wauza vidonge wangependa.) Baadaye ikaonekana nyingi si amini hata kidogo, jina likabaki. Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake, Marekani, walipasha moto mafuta ya ini la samaki, yale tuliyonyweshwa utotoni kwa kubanwa pua, na kuyapitishia hewa mpaka vitamini A ikaharibika. Mafuta bado yakaponya matege. Herufi A, B na C zilishachukuliwa, wakakipa hicho kilichoponya herufi D. Basi. Walidhani wamepata kirutubisho kingine cha chakulani, kumbe ni kitu cha jamii ya homoni, kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe.

Kosa hilo huzaa jingine: "watu weusi hawana vitamini D," kana kwamba ni urithi wa ukoo. Melanini, yaani rangi ya ngozi, ni kivuli, si ukuta. Ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi, lakini hutengeneza. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania ukakuta damuni mwao wastani wa nanomoli 115 kwa lita, na wataalamu wengi huita upungufu kiwango kikiwa chini ya 50. Wasomali waliohamia Finland hupimwa wakakutwa chini kabisa, maana kule majira ya baridi jua hulala chini mno na mionzi hiyo haifiki. Saudia jua linachoma, na bado wanawake wengi wana upungufu: wako ndani, nguo imefunika, na kioo cha dirisha hakipitishi mionzi hiyo.

Na kama jua la chini la Finland, hata hapa kwetu jua la saa moja asubuhi, kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, halisaidii sana.

Na neno sahihi tunalo siku zote: kuota jua, kama kuota moto. Aliyeota moto hasemi ameshiba. Bibi akisema mtoto atolewe nje akaote jua, hajakosea. Tusimwongezee tu "apate vitamini iliyomo", na kwa upole tumwombe asubiri kidogo, jua lipande.